Siku ya Marehemu ya Meksiko darasani: anza na mtu mmoja

Swali: Nafundisha Kihispania kwa vidato vya kati hapa Mombasa. Novemba iliyopita niliwafundisha wanafunzi Día de Muertos. Niliwapaka rangi za fuvu usoni, tukakata karatasi za mapambo, tukatazama picha. Walifurahi sana. Wiki hiyohiyo mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba nafundisha watoto kuabudu mizimu, na mwingine akaniuliza kama hii si Halloween tu kwa jina jingine. Nilikosa la kujibu. Na kusema kweli, walichotoka nacho wanafunzi ni neno moja tu, calavera, yaani fuvu. Mwaka huu niliache somo hili?

Jibu: Mwalimu, usiliache. Ila rangi za uso zipumzishe kwanza, nitazirudia.

Malalamiko ya mzazi na unyonge wa somo lako vimeingia kwa mlango mmoja: ulianza na fuvu. Mtoto akishapakwa fuvu usoni hana tena la kusema, si kwa Kihispania wala kwa lugha nyingine. Naye mama yake akimwona anaingia nyumbani na uso ule, atawaza nini kingine? Kwa Wameksiko fuvu ni pambo la shughuli. Shughuli yenyewe ni kupokea wageni, na maneno yote mazuri yako huko.

Nilipokuwa nasoma Puebla nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane. Asubuhi ya tarehe 31 Oktoba nilimkuta ameketi kizingitini na kapu la maua ya rangi ya chungwa yaitwayo cempasúchil, anayachambua petali na kuzimwaga chini, kuanzia mlango wa barabarani, kupitia ukumbini, hadi kwenye meza iliyotandikwa kitambaa cheupe. Mezani palikuwa na picha ya mumewe, mshumaa, glasi ya maji, kisahani cha chumvi, kikombe cha kahawa isiyo na sukari, sahani ya mole (mchuzi mzito wa pilipili), miwani yake ya kusomea na pakiti ya sigara. Nilijua mzee yule alikufa kwa maradhi ya mapafu, nikauliza, kwa upumbavu wa mgeni, mbona sigara. Mama hakuinua hata uso. "Porque le gustaban." Kwa sababu alikuwa akizipenda. Na maji je? "Es que viene cansado." Si anakuja amechoka.

Sentensi hizo mbili ndizo somo lako, Mwalimu. Maisha ya marehemu yanasimuliwa kwa wakati uliopita wa mazoea, ule wanaouita imperfecto: fumaba, leía el periódico, tomaba el café sin azúcar (alikuwa akivuta, akisoma gazeti, akinywa kahawa bila sukari). Kuja kwake kunasemwa kwa wakati uliopo: viene, llega, tiene sed (anakuja, anafika, ana kiu). Wanafunzi wetu huchanganya imperfecto na pretérito, wakati uliopita wa tendo lililokwisha, kwa sababu vitabu huzitafsiri nyakati zote mbili kwa -li-. Ukiwawekea murió na fumaba kwa mtu mmoja wataona tofauti bila hotuba. Murió ni alikufa, jambo la siku moja. Fumaba ni alikuwa akivuta, na kule kuvuta hakukuwa na siku yake. Gustaba na gustaban nazo zitajipanga zenyewe: kahawa ni moja, sigara ni nyingi.

Kuna jambo jingine ambalo mwanafunzi mwenye Kiswahili analipata bure, na walimu wengi hatulitumii. Kihispania kina vitenzi viwili vya "kuwa". Vitabu husema ser ni kwa hali ya kudumu na estar ni kwa hali ya kupita. Halafu mtoto anakutana na está muerto, anakuuliza: kuna hali ya kudumu kuliko hiyo? Kanuni ya kitabu inavunjika pale pale. Mwambie atazame Kiswahili chake. Está cansado, amechoka. Está sentado, amekaa. Está dormido, amelala. Está muerto, amekufa. Estar ya namna hii ni -me- yetu: tendo limekwisha, hali yake ndiyo iliyobaki. Nimeona darasa zima likicheka kwa nafuu walipoliona hilo. Mwenzao anayejifunza akitokea lugha isiyo na kitu kama -me- huhangaika na está muerto kwa miezi.

Sasa jina. Wameksiko wengi husema Día de Muertos. Día de los Muertos husikika zaidi kwa jamii zao zilizoko Marekani. Yote yanaeleweka, lakini ukitumia la kwanza Mmeksiko atakusikia umekaa kwao. Kwa Kiswahili mimi huandika Siku ya Marehemu, ingawa kamusi itakupa "wafu". Mfu kwetu ni neno baridi, karibu na maiti, na mtu aliyelegea kazini huitwa mfu kwa kejeli. Wao husema mis muertitos, "wafu wangu wadogo", kwa sauti ile ile wanayomwitia mtoto. Hapo angalia: udogo wa Kihispania ni wa mapenzi, wa Kiswahili mara nyingi ni wa dharau. Mwanafunzi akitafsiri muertito kuwa "kifu" ameharibu kila kitu. "Marehemu wetu" inatosha.

Ofrenda nayo usiifanye "madhabahu", wala "tambiko", wala "sadaka". Kila moja inaburuta dini yake nyuma yake, na mzazi wako ataisikia kabla ya jambo lenyewe. Iache ofrenda, kisha ieleze: meza aliyoandaliwa marehemu.

Tuje kwa mzazi. Usimjibu kwamba hii ni "utamaduni tu", maana si kweli, na yeye si mjinga. Mwambie asili yake. Tarehe 1 na 2 Novemba ni Sikukuu ya Watakatifu Wote na Siku ya Marehemu Wote za Kanisa Katoliki. Ya pili ilianzishwa na abati Odilo wa Cluny, Ufaransa, karibu mwaka 998. Wakatoliki wa hapa kwetu siku hiyo huenda makaburini na mishumaa pia. Kabla ya Wahispania, Wanahua wa Meksiko (Waazteki na jamaa zao) walikuwa na sikukuu mbili za wafu, ndogo na kubwa, na mapadri wa karne ya 16 walioziandika wanaziweka karibu na Julai na Agosti, si Novemba. Kiasi gani cha desturi ya leo kimetoka upande upi, wanahistoria wanagombana mpaka kesho. Elsa Malvido, mwanahistoria wa taasisi ya taifa ya anthropolojia ya Meksiko, alishikilia kwamba sehemu kubwa ni ya Kikatoliki ya Ulaya, na kwamba hadithi ya asili ya Kiazteki ilipambwa na wasomi wa karne ya 20 waliotaka taifa lenye mizizi yake. Mimi naona alikuwa na haki zaidi ya wanavyotaka kukubali waongoza watalii, ingawa ua lenyewe, mahindi na ubani wa copal ni vya Meksiko bila ubishi.

Usimfiche pia kwamba zipo jamii za wenyeji zinazoamini marehemu waliopokewa vizuri huleta mavuno mema ya mahindi, na waliopuuzwa huleta maradhi. UNESCO, ilipoitangaza desturi hii mwaka 2003 na kuiingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2008, iliandika hivyo waziwazi. Kinachomtuliza mzazi ni kujua unachomfanyisha mwanawe. Sarufi yenyewe inakusaidia: creen que los muertos vuelven. Wanaamini kwamba marehemu hurudi. Creen, si creemos. Mwanafunzi anayesema sentensi hiyo ameeleza imani ya mwingine, kama anavyoweza kueleza kwamba Wahindu wa Mombasa huwasha taa za Diwali bila yeye kuwasha. Na asiweke darasani picha ya marehemu wa kwao. Hilo ningelikataza hata kusingekuwa na mzazi wa kulalamika, kwa sababu daima yupo mtoto aliyezika mwezi uliopita na hataki kusema.

Mzazi wa Halloween ni mwepesi. Halloween humtisha mtu kwa wafu wasiojulikana. Hapa marehemu ana jina, na amewekewa kahawa anayoipenda. Tarehe zimekaribiana kwa kuwa zote mbili zinazunguka Watakatifu Wote. Ni kweli mijini watoto wa Meksiko huzunguka na kopo wakiomba pipi, "¿me da mi calaverita?", yaani unanipa kifuvu changu?, na Halloween imeingia humo. Ila akikuuliza habari za Santa Muerte, yule mwanamke mifupa mwenye joho, mwambie hiyo ni ibada nyingine kabisa ambayo Kanisa limeilaani. Wengi huzichanganya, na picha za mtandaoni ndizo zinazowachanganya.

Usifundishe kana kwamba Meksiko nzima ni meza moja. Peninsula ya Yucatán sikukuu huitwa Hanal Pixán, chakula cha roho kwa Kimaya, na huokwa pib, tamale (donge la unga wa mahindi) kubwa ya kuku iliyofungwa majani ya mgomba na kufukiwa kwenye shimo la moto. Watu wa Huasteca, eneo la mashariki ya Meksiko, husema Xantolo, neno lililozaliwa na sanctorum ya Kilatini iliyopita vinywa vya wenyeji. Kisiwani Janitzio, katika ziwa la Pátzcuaro, wanawake wa Kipurépecha hukesha makaburini na mishumaa. Huko Pomuch, Campeche, mifupa ya marehemu hufukuliwa baada ya miaka kadhaa, na kila mwaka kabla ya sikukuu jamaa huitoa kwenye kisanduku, huipangusa vumbi kwa brashi, fuvu likiwekwa juu, na kuibadilishia kitambaa kilichotariziwa. Pomuch ningeiacha kwa darasa la watu wazima.

Na yale maandamano makubwa ya Jiji la Meksiko yenye mifupa mirefu kama minazi? Yalianza 2016. Filamu ya James Bond ya 2015 ilionyesha maandamano ambayo hayakuwepo, watalii wakaja kuyatafuta, jiji likaona heri liyafanye. Kisa hicho wanafunzi hukipenda kuliko historia yote niliyoandika hapo juu.

Maneno sasa. Kuna mengine yatawakaa watoto wa pwani kwa urahisi usioutarajia. Mafuvu madogo wanayouziwa watoto ni calaveras de azúcar, na azúcar na sukari ni ndugu wa tumbo moja la Kiarabu. Wahispania wameikokota na ile al ya mwanzo. Mkate wa siku hiyo, pan de muerto, wa duara, juu una vipande vilivyopangwa kama mifupa, hutiwa agua de azahar, maji ya maua ya mchungwa, na azahar nayo ni Kiarabu. Anayekula halua na kunukia marashi hana haja ya kuelezwa ladha yake. Ua la cempasúchil jina lake ni la Kinahua, lenye maana ya ua ishirini, kwa wingi wa petali. Ndilo lile la rangi ya chungwa linalotungwa mashada kwenye mahekalu ya Kihindu hapo mjini kwenu; asili yake ni Meksiko.

Halafu kuna petatearse, kitenzi changu kipenzi. Petate ni mkeka wa kusukwa, wa kulalia, na maskini alizikwa amefungwa humo. Petatearse basi ni kufa, kwa mzaha: kuingia mkekani. Mpwani aliyeona jeneza likitangulizwa mkeka hahitaji maelezo. Mkishafika hapo mwaga mengine: estirar la pata, kunyoosha mguu, colgar los tenis, kutundika raba. Waambie walete ya kwao. Watakuletea kukata kamba, kukata roho, kuipa dunia kisogo, na ya mitaani ambayo mwalimu mkuu asiyasikie. Waulize lipi husemwa mbele ya wafiwa na lipi kijiweni, kisha wapange ya Kihispania hivyo hivyo. Falleció, alifariki, na que en paz descanse zinakaa msibani. Colgó los tenis haikai. Hiyo que en paz descanse, apumzike kwa amani, ni mlango mzuri wa kuingilia subjuntivo, ambayo kwetu ni ile -e ya mwisho tu.

Mzaha wenyewe unahitaji neno. Wameksiko huandika mashairi mafupi yanayoitwa calaveras, ambamo mtu aliye hai, mwanasiasa, jirani, bosi, anasimuliwa amekuja kuchukuliwa na kifo. Magazeti huyachapa kila mwaka. Wanafunzi wetu mwanzoni hushtuka: kumtungia mtu hai shairi la kifo chake! Wakumbushe watani. Mtani anayelala kaburini kabla ya maiti na kudai alipwe ndipo atoke, anayemkejeli marehemu mbele ya wajane mpaka wakacheka huku wanalia, angeelewana na Mmeksiko bila mkalimani.

Na umbo lake tunalo. Calavera huandikwa kwa mistari ya silabi nane, yaani mizani nane, kipande kimoja cha mshororo wa shairi letu. Anayejua vina na mizani anahesabu vidole vilevile, ajifunze tu kwamba Kihispania huunganisha irabu mbili zinazokutana. Huu hapa mfano nilioutunga ubaoni:

Estaba la profesora
revisando la tarea,
cuando llegó la Huesuda
y dijo: "¡Qué letra fea!"

Na wa Kiswahili, ambao si tafsiri neno kwa neno:

Mwalimu yuko mezani,
kazi anasahihisha;
Kifo chaja mlangoni,
mwandiko wakichekesha.

La Huesuda, mwenye mifupa, ni kifo. Humwita pia la Flaca, mwembamba, na la Pelona, mwenye upara. Jihadhari na ngeli: kwao kifo ni mwanamke, kwetu ni cha ki-vi, na hapo watavuruga wakijieleza kwa Kihispania. Weka sharti moja: kila mmoja ajitungie yeye mwenyewe au akutungie wewe, asimtungie mwenzake. Nililijua sharti hili kwa kuchelewa, siku msichana mmoja alipotoka darasani analia.

Kuna jambo moja zito ambalo ningewafundisha wakubwa. Juu ya ofrenda haiwekwi picha ya mtu aliye hai. Kwa hiyo jamaa wengi wa waliotoweka Meksiko, na rejista ya serikali ilivuka watu 100,000 mwaka 2022, hukataa kuweka picha za ndugu zao kwenye meza. Kuiweka ni kukubali kwamba amekufa. Wazazi wa wale wanafunzi 43 wa chuo cha ualimu cha Ayotzinapa, waliotekwa Septemba 2014, wamebeba mabango yenye sentensi hii: Vivos se los llevaron, vivos los queremos. Waliwachukua hai, tunawataka hai. Mpe mwanafunzi sentensi hiyo achambue: nani aliyefanya kitendo? Llevaron haina mtendaji. Ni "waliwachukua", na kila mtu anajua ni nani wanaosemwa bila kuwataja.

Kwa ofrenda ya darasa, chagua mtu mmoja asiye na jamaa chumbani. Mimi ningemchagua José Guadalupe Posada, "don Lupe" kwa kifupi cha Guadalupe, na hapo ndipo rangi zako za uso zinaporudi. Alizaliwa Aguascalientes mwaka 1852, akawa mchonga picha za magazeti ya senti moja katika Jiji la Meksiko. Fuvu lile lenye kofia pana ya manyoya ni lake. Aliliita Garbancera, jina la dhihaka kwa wauzaji wa dengu wenye asili ya wenyeji waliojifanya Wazungu. Hakuchora ila kichwa na kofia. Mwili na nguo ndefu alivalishwa na Diego Rivera mwaka 1947 katika picha kubwa ya ukutani, alipomsimamisha ameshikana mkono na Posada mwenyewe, na jina Catrina likashika. Wanafunzi wakijua kwamba uso ule ni kejeli kwa mtu anayeona haya kwao alikotoka, wapake wakitaka. Nadhani wengi watapendelea kuuchora daftarini.

Kila mmoja aandike kikaratasi kimoja cha imperfecto na kukibandika mezani: grababa en metal, dibujaba calaveras, se burlaba de los ricos (alikuwa akichonga kwenye chuma, akichora mafuvu, akiwakejeli matajiri). Wenzake waulize, ¿y esto por qué?, na hili kwa nini?, naye ajibu kwa porque. Wiki moja inatosha, na mtihani hauhitajiki.

Posada alikufa Januari 1913, akazikwa bure katika kaburi la daraja la sita huko Panteón de Dolores. Baada ya miaka saba hakuna jamaa aliyejitokeza, mifupa ikatupwa kwenye shimo la wote. Nyumba nyingi za Meksiko huweka glasi moja ya ziada kwa ánima sola, roho isiyo na mwenyewe. Iwekeni na ninyi. Mtu akiingia akauliza ya nani, wanafunzi wako watakuwa na jibu: Es para don Lupe. Viene cansado.